Muuaji nishamjua, nasoma tena

Kitabu chenyewe kimeshonwa na fundi viatu. Namaanisha fundi viatu kabisa, yule aliyekuwa anakaa chini ya mwembe pale Magomeni karibu na nyumba tuliyokuwa tumepanga, baba alimpelekea miaka ya tisini kurasa zikiwa zimeanza kuchomoka moja moja, fundi akazipanga vizuri, akatoboa matundu saba pembeni kwa msharasi, akapitisha uzi mweusi wa nailoni ule ule wa kushonea soli, akalipwa shilingi 200. Kava halikuwepo tena, kwa hiyo baba akakata boksi la sabuni akalibandika kwa gundi ya unga, hadi leo ukifungua kwa ndani unaona nusu ya picha ya mche wa sabuni. Uzi ulikazwa sana kiasi kwamba kitabu hakifunguki chote, maneno ya karibu na mshono inabidi uyachungulie kama mtu anayechungulia dirisha la jirani.

Ni Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla. Wiki iliyopita mdogo wangu alikuja kwangu Tabata akanikuta nimejilaza kwenye kochi nakisoma, akasema dada, hicho si ushakisoma mara kibao, muuaji si unamjua? Nikamwambia namjua. Akasema sasa unasoma nini?

Nikamjibu juu juu, ah wewe acha tu, kuna ugali jikoni kale. Ila swali lenyewe halijaniacha tangu siku hiyo, maana ni swali la haki kabisa. Hadithi ya upelelezi inasimama kwenye kitu kimoja, hujui nani kafanya. Ukishajua, kwa hesabu ya kawaida kazi imeisha, mpe mtu mwingine kitabu asome. Na mimi narudi, na baba alikuwa anarudi, na kuna watu wengi najua wanarudi. Kwa hiyo lazima kuna kitu kingine mle ndani kinachotuita.

Tulianza kukisikia kwenye giza. Wenye umri wangu mnaikumbuka mgao wa umeme wa miaka ile, nyumba ina wapangaji sita, kila mtu kaburuta mkeka wake uani kwa sababu vyumbani joto halifai, na baba alikuwa anawasha chemli anaitundika kwenye msumari wa mlango wa choo (ndio ulikuwa mahali pa juu panapofaa, tulizoea) anavaa miwani anasoma kwa sauti. Alikuwa karani bandarini, mchana kutwa anasoma namba za mizigo, nadhani usiku alikuwa anajilipa. Bwana Msa, ndiye mpelelezi wa kitabu, alikuwa anamsoma polepole, sauti nzito, kalamu mdomoni badala ya kiko, yaani anavuta kalamu, anatoa moshi ambao haupo, ndio anajibu. Najum, yule rafiki anayefuatana naye, alimpa sauti ya juu ya haraka haraka ya mtu mwenye maswali mengi. Sisi watoto tulikuwa tunasubiri Najum aulize kitu tu tucheke, kabla hata hatujasikia anauliza nini.

Alafu baba alikuwa na tabia moja mbaya. Anafika pale penyewe, tajiri keshakutwa maiti kwenye mzimu, yaani pale pa kutambikia, wazee wameanza kusema ni kazi ya mashetani, Bwana Msa kainama anaangalia kitu chini... baba anafunga kitabu. Anavua miwani. Anasema, "Kuna chai humu ndani?" Mama alikuwa anakaribia kulia kwa hasira. Baba ni Mnyamwezi wa Tabora na mama ni Mzaramo wa hapa hapa Pwani, ni watani kabla hata hawajaoana, kwa hiyo mama alikuwa na ruhusa ya kumwambia chochote, anamwambia wewe Mnyamwezi ulikuja mjini kwa miguu umebeba pembe za watu ndio maana huna haraka, na uani wote wanaangua kicheko, na mama huku anacheka anapuliza jiko haraka haraka kwa sababu anataka ajue Bwana Msa kaona nini. Wakawekeana dau. Atakayemtaja muuaji vibaya ndiye anakoleza jiko asubuhi wiki nzima. Mama alishindwa, akakoleza, na kila asubuhi alikuwa anasema kwa sauti hadi wapangaji wanasikia kwamba Bwana Msa kamuonea.

Nikiangalia nyuma, kwenye ule uani vitu vyote vitatu vilikuwepo kwa pamoja, hofu ya giza na mzimu, kicheko, na wale watu wawili wanaopendana kwa kutaniana. Mi nilikuwa na miaka tisa nikadhani hivyo ndivyo hadithi zote za mauaji zinavyokwenda.

Abdulla alizaliwa Unguja 1918, alikuwa mwandishi wa habari, na kile kitabu kilishinda nafasi ya kwanza kwenye shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la 1957 hadi 1958 lililoandaliwa na East African Literature Bureau, kikachapwa 1960. Watu husema Bwana Msa ni Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, aliyevaa kanzu, na kweli kiko kipo, rafiki yupo, na kukisia mambo kwa kuangalia viatu vya mtu kupo. Ila angalia siri zenyewe zilivyo. Kwa Abdulla ukichimba kifo unakutana na nasaba, nani baba wa nani, nani aliolewa kimya kimya, nani alibadilisha jina. Kitabu chake cha 1975 kinaitwa Mke Mmoja Waume Watatu, jina tu linakuambia unaingia kwenye nyumba ya watu. Mpelelezi wa hivi akikosea haharibu kesi peke yake, anavunja ndoa, anamvua mtu baba yake. Hatari ya namna hiyo mi naielewa zaidi kuliko bastola, kwa sababu bastola sijawahi kuishika lakini nimekaa kwenye vikao vya ukoo.

Bastola zilikuja baadaye na nazo nilizisoma zote nilizozipata kwa wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza chini kule Posta. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ilitoka 1965. Kisha Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, 1974, na mpelelezi wake Willy Gamba, hatari inatoka kwenye vita vya ukombozi wa kusini mwa Afrika, na hapo kumbuka Kamati ya Ukombozi ya OAU, ule umoja wa nchi huru za Afrika, makao yake yalikuwa hapa hapa Dar, kwa hiyo msomaji wa siku zile alikuwa anapishana barabarani na mambo yenyewe. Halafu Ben Mtobwa na mpelelezi wake Joram Kiango. Nilivisoma usiku mmoja mmoja, moyo unadunda, asubuhi macho mekundu shuleni.

Na hapa ndipo nilipoanza kushtukia kitu. Tuliokulia vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani, tunajua sheria, steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Anaweza kupigwa risasi, kutupwa baharini, kufungiwa kwenye jengo linaloungua, wewe kula karanga zako, dakika kumi zijazo anatoka na shati limechanika kidogo. Willy Gamba ni steringi. Nilikuwa namkimbilia kwa furaha lakini sikuwa namwogopea, mnaona tofauti? Joram Kiango nilimwogopea, na nimejiuliza kwanini wakati na yeye ni steringi vile vile, jibu langu ni Nuru. Yule dada anayetembea naye, anayebishana naye, anayependwa. Kumbe mwandishi mjanja hatari haiweki kwa steringi, anaiweka kwa mtu wa pembeni yake. Kwa Willy wanawake wanapita, ni wazuri, wanapita tu, na wakipotea unafungua ukurasa unaofuata. Naheshimu sana kazi ya Musiba, hakuna aliyenikimbiza mbio kama zake, lakini vitabu vyake nimevisoma mara moja moja.

Sasa nije kwenye stori ambayo ndiyo imenifanya niandike haya yote.

Baba alipolazwa, kwenye zile wiki za mwisho, macho yalikuwa yamechoka hawezi kusoma. Nilikuwa naenda kila jioni muda wa kuona wagonjwa na ile bukuli ya uji. Nikamwambia nikusomee Bwana Msa? Akasema huyo namjua kwa moyo, nipe kingine, nipe cha Wazungu. Chuoni nilisoma Sherlock Holmes zote, za Arthur Conan Doyle, kwa hiyo nikawa namsimulia kwa Kiswahili, bila kitabu, kama hadithi ya bibi. Kuna moja inaitwa The Adventure of the Three Garridebs, ilitoka 1924, Doyle keshazeeka, wachambuzi wengi hawaiweki kwenye zile bora. Mi naiweka juu kabisa.

Iko hivi. Kuna mzee mmoja London anaitwa Nathan Garrideb, hatoki chumbani kwake, amekijaza sarafu za kale na mifupa na wadudu waliokaushwa. Anatokea Mmarekani anamwambia mimi nami naitwa Garrideb, na kuna tajiri kule Kansas alikuwa na jina hili hili, kafa kaacha utajiri wa dola milioni 15, sharti wapatikane wanaume watatu wenye jina la Garrideb wagawane milioni tano tano. Wako wawili, anatafutwa wa tatu.

Baba akanisimamisha hapo hapo. Kajiinua kwenye mto, kanyanyua kidole. "Huyo ni wa tuma kwenye namba hii!" Akaanza kucheka, mgonjwa wa kitanda cha jirani naye akacheka, kwa sababu kuna nani nchi hii hajapata ile meseji, ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani? Na kweli ndio huo huo utapeli. Garrideb wa tatu anapatikana ghafla, yuko Birmingham, mzee lazima asafiri kwenda kumwona, kumbe chini ya sakafu ya kile chumba asichotokaga kuna mtambo wa kutengenezea noti bandia, tapeli anataka mzee atoke tu ashuke kuufuata. Hadithi nzima hadi hapo ni ya kuchekesha. Holmes anacheka, msomaji anacheka, baba anacheka na machozi yanamtoka.

Halafu Holmes na rafiki yake Watson wanajificha mle chumbani. Tapeli anakuja, anafungua sakafu, wanamtokea, na kwa sekunde moja anachomoa bastola anapiga mara mbili. Watson anahisi moto pajani.

Nikanyamaza. Baba kanyamaza. Cha kwanza kuniuliza ni nini? Hajauliza habari ya tapeli, wala nini kilikuwa chini ya sakafu. Akasema, "Watson kapona?"

Kapona, jeraha la juu juu tu. Lakini kilichotokea pale ndicho watu wanachokikumbuka miaka 100 baadaye, kwamba Holmes, yule mtu baridi aliyetembea na rafiki yake miaka na miaka na ni mara chache sana kumwambia neno la upole, anamshika Watson anamkalisha kwenye kiti, midomo inatetemeka, anachana suruali kwa kisu aone jeraha, anamgeukia tapeli anamwambia ungemuua Watson usingetoka humu hai. Na Watson anasema moyoni kwamba lile jeraha lilistahili, hata majeraha mengi yangestahili, kwa kuona tu mara moja kwamba nyuma ya ule uso kulikuwa na upendo wa kiasi kile.

Kesho yake nilipofika nikamkuta baba anamsimulia yule mgonjwa wa kitanda cha pili. Nilikaa pembeni nikasikiliza. Alisimulia Garrideb, alisimulia wadudu waliokaushwa kwa urefu kuliko nilivyosimulia mimi, alisimulia tuma kwenye namba hii, alisimulia paja la Watson na kisu na suruali. Mtambo wa noti bandia, ambao ndio siri yenyewe, ndio jibu la fumbo lote, aliusahau kabisa, na yule mgonjwa wala hakuuliza kwanini tapeli alikitaka kile chumba. Walikuwa wameridhika wote wawili.

Nikakaa na hilo kwa muda mrefu. Sidhani kama ule mlio wa risasi ungetushtua vile kama tungekuwa tumeingia mle chumbani na uso umekunjwa tangu mwanzo. Tuliingia tunacheka. Mtu akicheka anakuwa amelegea, ameshaweka silaha chini, ameshawafanya wale watu kuwa watu wake, na hapo ndipo inapokuja risasi. Doyle alijua.

Wanaosema kuchekesha kwenye hadithi ya kifo ni kukosa adabu, mi huwa nashangaa, maana sisi ndio tungetakiwa kuelewa kuliko watu wengine wote. Hamjawahi kwenda msiba wenye watani? Wanyamwezi na Wazaramo utani wao ni wa tangu misafara ya wapagazi ikishuka kutoka bara kuja pwani, na mtani kazi yake ya kwanza iko msibani. Anafunga njia jeneza lisipite mpaka alipwe. Anaingia kaburini analala, hatoki bila chochote. Anavaa nguo za marehemu anatembea kama yeye. Na hakuna anayemfukuza, kwa sababu wazee waliona mbali, kwamba mtu asiyecheka kidogo msibani machozi nayo yanakwama. Nikirudi kwa Abdulla sasa naona Najum ni mtani wa kifo. Yuko pale maiti ilipo, anauliza maswali yake, na sisi tunapumua.

Hata wale Wazungu wanaosifika kwa mafumbo makavu ukiwaangalia vizuri unakuta wamejificha humo humo. Agatha Christie alifanya kazi famasi ya hospitali wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, sumu alizijua kwa majina na vipimo, angeweza kutuandikia vitabu vya kemia. Lakini Miss Marple wake anamkamataje muuaji? Ni bibi wa kijijini, anafuma sweta, anasema huyu bwana ananikumbusha fulani wa kijijini kwetu aliyefanya hivi na hivi. Basi! Huyo si ni yule bibi tunaye kila mtaa, anakaa kwenye kibaraza na kanga mbili, unampa shikamoo anakujibu na anajua jana umerudi saa ngapi na nani. Mjini tunamwita mmbea. Ningekuwa polisi ningeanzia kwake.

Mambo ya mapenzi kwenye hadithi hizi huwa yananitia wasiwasi zaidi, nakiri, kwa sababu mengi ni ya kupachika. Ila kuna Dorothy Sayers, mwandishi Mwingereza. Mwaka 1930 alitoa kitabu ambacho mwanamke, Harriet Vane, mwandishi wa riwaya za upelelezi, anashtakiwa kumuua mpenzi wake wa zamani kwa sumu ya aseniki. Watu 12 waliokaa kumwamua hawakukubaliana, kesi ikaahirishwa isikilizwe upya, na katika nafasi hiyo ndogo mpelelezi Peter Wimsey, bwana wa ukoo mkubwa mwenye maneno mengi na masihara, anakwenda gerezani kumwona na siku hiyo hiyo anamposa. Anamwokoa kitanzi kweli. Harriet anakataa posa. Anaendelea kukataa vitabu na vitabu hadi kile cha 1935.

Nilimsimulia mama hii, siku tunachambua mchicha, nikitegemea atasema huyo mwanamke ana kiburi. Mama hakuinua hata macho. "Kafanya vizuri. Mtu kakutoa kwenye kamba ya kunyongwa, ukimkubali siku ileile umejuaje kama unampenda au unalipa deni? Angoje deni liishe." Nikaacha kuchambua mchicha. Sayers alihitaji vitabu vitatu kufika hapo, maana ndicho hasa kilichokuwa kinamzuia Harriet, shukrani imekaa katikati yao kama mgeni asiyeondoka. Mama hajui Kiingereza. Nikamwambia mwisho walioana, na kwenye kitabu cha 1937 wanaenda fungate wanakuta maiti chini ya nyumba. Mama akasema hiyo ndiyo ndoa.

Mwaka jana nilijaribu mwenyewe. Mnajua hizi hadithi za WhatsApp, unaunda grupu, watu wanatuma buku mbili kwa simu, unawawekea sehemu moja kila usiku, ukichelewa unatukanwa. Nikaandika ya mpelelezi wa kike anayefuatilia mauaji Kariakoo. Kwa kuwa hana gari nilimpa dereva wa bajaji wa kumzungusha, nikamwita Chenji, kwa sababu kila akilipwa anasema chenji sina dada, nitakupa kesho. Sikumpanga awe mtu. Alikuwa usafiri. Ila usiku wa tatu nikaona kila ninapomleta meseji zinaongezeka, watu wanaandika Chenji leo yuko wapi, wengine wakaanza kumtania kwa jina wakati wa mchana kabisa, hadithi haipo.

Hadi sehemu ya 16 nilikuwa nimeua watu wanne. Hakuna aliyelalamika, walikuwa wanataka kujua nani kaua tu. Sehemu ya 17 nikamuua Chenji. Nilijua nafanya nini na mikono ilikuwa inatetemeka, niliiandika nimekaa kwenye ngazi nje ili watoto wasinione. Ilipofika saa nne usiku simu haikunyamaza. Kuna mama mmoja, simjui sura, alinitumia voisi ya dakika mbili analia, anasema dada umetukosea, yule kijana alikuwa anadaiwa chenji na watu wote, sasa atawalipa lini. Kuna waliodai buku mbili zao. Wengi waliniomba kitu kimoja, mrudishe, sema alizimia tu.

Nilifikiria Doyle. Mwaka 1893 alimuua Holmes, akamtumbukiza kwenye maporomoko kule Uswisi, watu wakamjia juu, na baada ya miaka kumi, 1903, akamrudisha akasema hakufa. Mi ni nani nishindane na wasomaji? Lakini sikumrudisha. Ningemrudisha, wale wote waliolia wangejiona wamedanganywa, na kuanzia hapo bastola yoyote kwenye hadithi yangu ingekuwa ya plastiki. Nilichofanya, sehemu ya 22, nikampandisha yule mpelelezi bajaji ya mtu mwingine kutoka Mnazi Mmoja. Anafika, anatoa elfu tano, dereva anamhesabia chenji yote, noti na sarafu, haijapungua hata mia. Anasimama barabarani na ile hela mkononi hajui aiweke wapi. Watu walinyamaza grupu zima usiku ule, alafu mmoja akaandika asante.

Nimdokeze mdogo wangu kwamba hiyo sehemu ya 22 niliiandika nikimfikiria baba.

Maana siku ya kuondoa matanga yake, uani kwa mama, turubai limefungwa, watu wamekaa kwenye mikeka kimya cha kuchosha, mama kwa siku tatu hajatoa chozi hata moja, tukaanza kumhofia. Akatokea mjomba mmoja upande wa mama, Mzaramo, mtani kamili. Kaingia chumbani bila kuomba, katoka kavaa koti la baba na miwani ya baba, mkononi kashika kile kitabu cha mshono. Kakaa kwenye kiti cha baba. Kalamu mdomoni. Kavuta, katoa moshi. Akaanza kusoma kwa ile sauti, polepole, watoto wakaanza kucheka kwanza, kisha wapangaji wenzetu wa zamani wa Magomeni ambao walimjua, uso kwa uso wakawa wanaangaliana. Akasoma nusu ukurasa hivi. Akafika mahali akafunga kitabu, akavua miwani, akamwangalia mama.

"Kuna chai humu ndani?"

Mama alicheka. Alicheka kwa nguvu hadi kanga ikamdondoka begani, akasema Mnyamwezi wewe hata ukifa huna haraka, na ile sauti ikageuka katikati, ikawa kilio, shangazi zangu wakamdaka. Alilia hadi magharibi. Usiku ule alikula.

Sasa siku za Alhamisi nikitoka kazini napitia kwa mama. Namsomea kile kitabu, yeye muuaji anamjua tangu miaka ya tisini, alikoleza jiko wiki nzima kwa ajili yake. Wiki iliyopita tulifika pale Bwana Msa anapoinama, nikawa naendelea tu kusoma, mama akaninyooshea mkono.

"We. Baba'ako hapo alikuwa anapita?"

Nikaweka kidole kwenye ukurasa, kile cha upande wa mshono kisiniponyoke, na mama akainuka kwenda kubandika maji ya chai.